Kupe na Homa ya Mbwa

Mbwa aliyekuwa akilinda nyumba vizuri huacha kula ghafula. Fizi zake hupauka, joto la mwili hupita nyuzi 40 za Sentigredi, na mkojo huwa mwekundu. Watu wengi hudhani kwamba amelishwa sumu, kumbe huenda asili ya maradhi hayo ni kupe.

Kupe si mdudu hasa, bali ni jamaa ya buibui, kwani akikomaa huwa na miguu minane. Anyonyapo damu hutia mate katika jeraha, na ndani ya mate hayo huweza kuwamo vimelea viitwavyo Babesia. Vimelea hivi, kama vile vya malaria, huingia katika chembe nyekundu za damu, huzaana humo, kisha huzipasua. Rangi nyekundu ya chembe zilizopasuka hutoka pamoja na mkojo. Mbwa hupungukiwa na damu, naye asipotibiwa mapema aweza kufa.

Mwaka 1901, Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu katika Koloni la Rasi, Afrika Kusini, alithibitisha kwa majaribio kuwa kupe ndiye aenezaye ugonjwa huu. Majaribio hayo yalidhihirisha pia jambo la ajabu: kupe jike hupitisha vimelea katika mayai yake. Watoto wake hawakuwaambukiza mbwa walipokuwa wachanga, bali walipokomaa. Kwa hiyo kupe aweza kuzaliwa na vimelea kabla hajamwuma mbwa yeyote.

Hii ndiyo sababu kuwaua kupe walio mwilini mwa mbwa hakutoshi. Jike akishiba hujiangusha, akataga mayai elfu kadhaa majanini au katika nyufa za kibanda. Yafaa nyasi zifyekwe, nyufa zizibwe, na mbwa aogeshwe kwa dawa ya kupe iliyopimwa sawasawa.

Kadhalika, mbwa akaguliwe kila siku, hasa masikioni na katikati ya vidole. Kwa kawaida vimelea huhitaji siku moja au mbili tangu kupe aanze kunyonya ndipo viweze kuambukiza. Hivyo kupe aliyeng'olewa mapema huenda asilete madhara. Ang'olewe kwa kibano, karibu na ngozi, wala asipasuliwe kwa vidole.

Dalili zikionekana, mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mara nyingi tone moja la damu chini ya hadubini hutosha kuvifichua vimelea, na dawa za kuviua zipo.