Dawa za upara: Hesabu miezi kabla ya kulipia chupa

KINYOZI huwa wa kwanza kujua. Mteja anapoketi kitini, yeye ndiye anayeona jinsi nywele za utosini zinavyopungua na jinsi zile za kipajini zinavyozidi kurudi nyuma. Ndiyo maana si ajabu kukuta chupa za mafuta ya mitishamba zimepangwa kando ya kioo chake, huku duka la dawa la jirani likiuza dawa za kiwandani za tatizo lilo hilo.

Mwanamume anayeanza kuota upara hujikuta njia panda. Mtishamba huuzwa kwa sifa kwamba ni wa asili na hauna madhara. Dawa ya kiwandani nayo huuzwa kwa sifa kwamba imefanyiwa utafiti. Wengi hulinganisha bei ya chupa moja na nyingine, kisha huchukua iliyo nafuu. Hapo ndipo hasara huanzia, kwa kuwa hakuna tiba ya upara inayomalizika kwa chupa moja.

Upara wa kawaida wa wanaume hurithiwa, na waweza kutoka upande wa baba au wa mama. Mwili hugeuza homoni ya kiume, testosteroni, kuwa homoni nyingine kali zaidi ifahamikayo kwa kifupi kama DHT. Kwa aliyerithi hali hii, DHT hudhoofisha mashina ya nywele za utosini na kipajini polepole, hadi yanaotesha malaika tu kama ya mtoto mchanga.

Ufunguo wa siri hii ulipatikana katika Jamhuri ya Dominika. Mnamo 1974, Dkt Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza kuhusu wanaume wa huko waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Wanaume hao walikuwa na tezi kibofu ndogo na hawakuota upara. Kutokana na maarifa hayo, kampuni ya Merck ilitengeneza finasteride, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka wa 1992 kutibu tezi kibofu iliyovimba na 1997 kutibu upara, kwa kipimo cha miligramu 1 kila siku.

Dawa ya pili, minoxidil, iligunduliwa kwa bahati. Ilikuwa tembe ya kutibu shinikizo la damu, na wagonjwa waliokuwa wakiimeza wakaanza kuota nywele nyingi mwilini. Ile ya kupaka kichwani iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1988.

Ushahidi wa dawa hizi ni wa kuhesabika. Katika utafiti wa finasteride uliodumu miaka miwili, asilimia 83 ya waliomeza dawa hawakupungukiwa na nywele, ikilinganishwa na asilimia 28 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kuhusu minoxidil, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 ulionyesha kwamba baada ya wiki 48, dawa ya asilimia 5 ilikuwa imeotesha nywele zaidi kwa asilimia 45 kuliko ile ya asilimia 2.

Mitishamba nayo

Si haki kusema kwamba mitishamba haijachunguzwa. Mwaka wa 2015 watafiti wa Iran waliwagawa watu 100 wenye upara katika makundi mawili: moja likapaka mafuta ya rosemari na jingine minoxidil ya asilimia 2. Baada ya miezi mitatu hakuna kundi lililoona mabadiliko ya maana. Baada ya miezi sita, yote mawili yalikuwa yameongeza nywele kwa kiasi kinachokaribiana, na waliopaka rosemari hawakuwashwa sana kichwani.

Habari hizo zimewauzia wafanyabiashara chupa nyingi. Hata hivyo, rosemari ilishindanishwa na minoxidil hafifu, wala si ile ya asilimia 5 inayotumiwa na wanaume wengi. Isitoshe, hakukuwa na kundi la tatu lililopaka mafuta yasiyo na kitu.

Mbegu za maboga zina kisa kinachofanana na hicho. Nchini Korea Kusini, utafiti wa mwaka wa 2014 uliwahusisha wanaume 76. Baada ya wiki 24, waliomeza miligramu 400 kila siku waliongezeka nywele kwa asilimia 40, na wale wa vidonge bandia kwa asilimia 10. Lakini vidonge hivyo vilichanganywa na unga wa mimea mingine, kwa hivyo si rahisi kusema ni boga pekee lililofanya kazi.

Pale ambapo mtishamba ulipambanishwa na finasteride ana kwa ana, dawa ya kiwandani ilishinda. Nchini Italia, wanaume 100 walifuatiliwa kwa miaka miwili, matokeo yakatolewa mwaka wa 2012. Asilimia 68 ya waliotumia finasteride walipata nafuu, dhidi ya asilimia 38 ya waliotumia serenoa, mmea wa jamii ya mtende unaomea kusini mashariki mwa Marekani.

Gharama na hatari

Chupa ya minoxidil ya mililita 60, ikipakwa mililita 1 asubuhi na 1 jioni, humalizika kwa siku 30. Iwapo, kwa mfano, chupa inauzwa Sh1,500, mnunuzi anajifunga kutoa Sh18,000 kwa mwaka. Matokeo huhitaji angalau miezi minne, na wiki za kwanza nywele zaweza hata kunyonyoka zaidi. Akiacha, nywele alizopata huondoka katika muda wa miezi kadhaa. Finasteride nayo ni tembe 365 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka.

Mafuta ya mitishamba hufuata hesabu iyo hiyo. Chupa ya Sh500 inayoisha kwa wiki moja ni ghali kuliko ya Sh1,500 inayokaa mwezi.

Finasteride ina madhara yake. Katika majaribio, asilimia 3.8 ya wanaume walipata matatizo ya nguvu za kiume, dhidi ya asilimia 2.1 ya waliopewa vidonge bandia, na kuna walioripoti kwamba matatizo hayo hayakwisha baada ya kuacha dawa. Mwaka wa 2025, Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Aidha, dawa hii hushusha kwa takriban nusu kipimo cha damu cha PSA kinachotumiwa kutafuta saratani ya tezi kibofu. Asiyemwambia daktari kwamba anaitumia anaweza kuambiwa yu mzima ilhali ni mgonjwa. Mama mjamzito naye hafai kugusa tembe iliyovunjika.

Lakini neno 'asili' halimaanishi salama. Muhogo mchungu pia ni wa asili, na usipoandaliwa vyema huua. Mafuta halisi ya rosemari yasipochanganywa na mafuta mengine, kama ya nazi, huweza kuunguza ngozi.

Kuna mtego mwingine. Mtu aliyeugua homa kali anaweza kupukutikwa na nywele miezi miwili au mitatu baadaye, kisha zikarudi zenyewe. Akiwa alikuwa akipaka mafuta fulani, mafuta hayo ndiyo yatakayosifiwa kijiji kizima. Naye anayepata mabaka ya upara ya ghafla, au mapunye yenye magamba, huenda ana ugonjwa mwingine kabisa. Akikawia kwa kujaribu chupa hii na ile, mashina ya nywele yanaweza kufa na kuacha kovu lisiloota tena.

Kwa mkulima anayefikiria kupanda rosemari kwa ajili ya soko hili, kilo 100 za majani mabichi hutoa takriban kilo 1 ya mafuta au pungufu, tena kwa mtambo wa mvuke. Maji ya majani yaliyochemshwa sufuriani siyo yaliyopimwa na watafiti. Muuzaji anayeandika kwenye chupa kwamba mafuta yake 'yanatibu upara' anaahidi asichoweza kulipa, na mteja wake hatarudi baada ya miezi mitatu. Anayesema ni mafuta ya kutunza nywele na ngozi ya kichwa anaweza kumuuzia mteja huyo kwa miaka.

Kwa mwenye upara, la busara ni kumwona daktari kwanza, kuchagua njia moja, kupiga picha ya utosi siku ya kwanza na kuipa njia hiyo miezi sita hadi 12. Ikishindwa, aachane nayo kabla haijala karo ya watoto. Kinyozi bado yupo, na bei yake ya kunyoa kichwa chote inajulikana.