Kugonjeka Sio Utoro

Manze, ka umewahi kupiga job ya kol senta hapa Nairobi, hii rada unaijua. Unaamka alfajiri koo imefunga, kichwa inagonga, na kitu ya kwanza inakuja kwa akili si dawa. Ni TL, yule tim lida wako. Unaanza kupiga hesabu: nikikosa leo bonasi ya mwezi imeenda, jina yangu inapanda kwa ile listi ya wasee hukosa job, na kontrakti iko karibu kuisha. Unavaa sweta, unadandia mathree ya kwanza, unaenda kukohoa kwa masikio ya makastoma.

Mayouth wengi wa hii Kanairo wameanzia life hapo: kupokea simu, kukaa kaunta, kujibu meseji za watu wamekasirika. Ni job poa. Inalipa rent ya keja, inatuma kitu kwa mathe ocha. Na naelewa venye atendansi ni muhimu, juu ukikosa, simu zako zinabebwa na mabeshte wako, na kastoma anakaa kwa laini hadi anachemka. Shida ni venye siku huhesabiwa. Msee amelala kejani na hangova, na msee ako na malaria, wote wanaandikwa kitu moja: hakuja.

Cheki pia aina ya job yenyewe. Hapa unauza sauti. Sauti ikiisha, huna kitu ya kufanyia kazi. Halafu dawati ni ya mwenye ako shifti, hedfoni zinapitishwa toka kwa huyu hadi kwa yule, madirisha yamefungwa na AC inavuma usiku mzima. Msee mmoja akikuja na homa juu anaogopa kukatwa doo, baada ya siku chache laini yote inakohoa. Mdosi aliokoa shifti moja, akapoteza zingine kadhaa.

Sasa skiza, juu wasee wengi hawajawahi ambiwa hii. Sheria ya Ajira ya Kenya, ile ya 2007, imetenganisha ugonjwa na utoro. Kifungu cha 44 kinasema kukosa job bila ruhusa ama sababu halali ni kosa kubwa, unaweza futwa papo hapo. Lakini kifungu cha 30 kinakupea sick off: ukishamaliza miezi 2 mfululizo kazini, unapata angalau siku 7 za mshahara kamili, halafu siku 7 zingine za nusu mshahara, kila miezi 12. Na kifungu cha 46 kinasema kuchukua likizo yenye ni haki yako si sababu ya kukufuta.

Kwa hivyo kitu inakutoa upande wa mtoro ni vitu mbili. Ya kwanza, uripoti mapema venye unaweza. Ka huwezi kuinuka, hata beshte anaweza kukuripotia. Tuma meseji, usipige simu tu, ndio ibaki imeandikwa. Ya pili, barua ya daktari. Na si lazima itoke hosi kubwa. Ya msimamizi wa dispensari, akiandika kwa niaba ya daktari, inatambulika pia. Piga picha ya kila karatasi kabla uipeane. Ukiitwa mkutano wa nidhamu, kifungu cha 41 kinakuruhusu kuingia na mfanyakazi mwenzako. Usiingie solo.

Lakini tuseme ukweli, hata ukijua sheria yote bado unaumia. Bonasi haijatajwa kwa kifungu cha 30, kwa hivyo unaweza lipwa siku yako ya sick off na bado bonasi ikapotea. Barua yenyewe inataka utoke kwa kitanda, upige foleni na utumie ganji, hata ka ni homa inataka tu maji na usingizi. Msee wa chemist anakuuzia dawa, lakini risiti yake si barua ya daktari. Na mbaya zaidi ni kontrakti fupi. Hakuna mtu anakufuta. Karatasi yako inaisha tu, na haiandikwi ingine. Hapo ndio watu wanajifunza kunyamaza na kukuja job wakiwa wagonjwa.

Simlaumu TL. Mara mingi yeye pia ni youth ka sisi, anapimwa na namba ya timu yake. Nawaambia wenye walitengeneza hiyo hesabu. Mnaweza kuibadilisha bila kuharibu biashara. Siku yenye iko na barua isiguse bonasi. Siku moja ya homa ikubalike kwa meseji tu. Panga watu wa ziada msimu wa baridi, juu kila Julai mnajua homa inapiga ofisi. Na mkikaa chini kuamua nani anaongezwa kontrakti, siku za ugonjwa zitoke kwa hiyo meza kabisa.

Na wewe mwenye uko kwa laini, acha kuomba msamaha juu umegonjeka. Ripoti, tafuta barua, enda ulale. Hizo siku ni zako kisheria.