Klachi na Neno "Nguvu"

Mfasiri akikuta maelezo ya kuchagua klachi ya gari, mara nyingi hutumia neno moja tu, nguvu, kwa mambo mawili yasiyolingana. Kosa hilo si la ufasaha peke yake, kwani msomaji atakayeyafuata maneno hayo atanunua klachi isiyofaa.

Klachi huunganisha injini na giaboksi. Sahani yenye kitambaa cha msuguano hubanwa na springi dhidi ya gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Uimara wa mshiko wake hutegemea kiwango cha msuguano, kani ya springi, upana wa sahani na idadi ya nyuso zinazosuguana. Kinachoshindana na mshiko huo ni kani ya kuzungusha, wala si nguvu za farasi. Nguvu ni zao la kani hiyo na kasi ya mzunguko.

Tuchukue Caterham Seven 620R, gari la Uingereza lililotokea mwaka 2013. Lina nguvu za farasi 310, na uzito wake haufiki kilo 700. Nguvu hizo hupatikana injini ikizunguka mara 7,700 kwa dakika, na hapo kani ya kuzungusha ni nyutoni-mita 290 hivi. Lori la dizeli lenye nguvu zizo hizo kwa mizunguko 2,000 lingekuwa na nyutoni-mita 1,100 hivi. Mfasiri aandikaye "klachi ya nguvu 310" huwapeleka wenye magari hayo mawili kwenye rafu moja ya duka!

Wepesi nao una maana yake. Gari linapoondoka, joto linaloingia katika klachi hufuata uzito wa gari. Uzito ukiwa nusu, joto nalo huwa karibu nusu, mambo mengine yakiwa sawa. Tena katika gia ya kwanza matairi ya gari jepesi huteleza upesi. Kwa hiyo gari la barabarani hutoshelezwa na klachi inayostahimili kani ya injini na ziada ya robo hadi nusu yake. Ikizidi mno, springi hukaza pedali, na mguu huchoka katika msongamano. Kitambaa cha kauri na metali hustahimili joto jingi, lakini hushika kwa ghafla, na gari jepesi likaruka kama mbuzi. Kwa matumizi ya mjini, kitambaa cha kawaida cha nyuzi hufaa zaidi.

Hapo ndipo "klachi nzito", tafsiri iliyozoeleka ya kifaa cha kazi ngumu, inapopotosha. Sahani nzito huchelewesha kubadili gia, na ndicho mwenye gari hili anachokikimbia. Tungependekeza "klachi imara" kwa mshiko na "pedali ngumu" kwa mguu, na uzito uachiwe kilo. Ama "torki", mafundi watailewa. Lakini katika vitabu vya shule "kani ya kuzungusha" hujieleza yenyewe.