Chakula cha usiku juu ya mto Thames: Raha iliyojengwa juu ya fundisho la msiba

KILA jioni, jua linapoanza kuzama nyuma ya majengo ya Bunge la Uingereza, foleni fupi za watu waliovalia nadhifu hujipanga kwenye magati ya Westminster, Embankment na Tower jijini London. Hawa si wasafiri wanaowahi makwao baada ya kazi. Ni wateja wa migahawa inayoelea, wanaongoja kula chakula cha usiku huku jiji likipita taratibu nje ya dirisha.

Biashara hiyo ipo katika miji mingi yenye mito mikubwa, kuanzia Paris hadi Cairo na Bangkok. Hata Mombasa jahazi lililogeuzwa mkahawa si jambo geni. Hata hivyo, Thames una historia inayoutofautisha na mito mingine. Taratibu nyingi ambazo mgeni huziona kuwa usumbufu mdogo kabla ya kuletewa mkate na supu, zimetokana na vifo vya watu waliokwenda mtoni kustarehe.

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Uingereza, au wanaokwenda huko kwa masomo, biashara na matembezi, ni vema kufahamu safari hiyo inavyoendeshwa, fedha inayolipwa inanunua nini, na mambo gani ya kuangalia kabla kamba hazijafunguliwa.

Safari inavyokwenda

Kwa kawaida safari ya chakula cha usiku huchukua kati ya saa mbili na nusu na saa tatu. Chombo huondoka gatini, huteremka na mto kuelekea mashariki, kisha hugeuza na kurejea kilikotoka. Abiria hupangiwa meza mapema, na mlo huletwa kwa awamu: chakula cha kufungulia, chakula kikuu na kitindamlo. Mara nyingi huwapo mpiga kinanda au mwimbaji, na baadhi ya vyombo hutenga nafasi ya kucheza muziki baada ya mlo.

Bei hutofautiana kulingana na siku, kampuni na meza. Mwisho wa wiki ni ghali kuliko katikati ya wiki, na meza ya dirishani mara nyingi ina nyongeza yake. Mteja anashauriwa kusoma kwa makini ni vitu gani vimo ndani ya bei. Vinywaji vinaweza kuwa nje ya hesabu, na ada ya huduma inaweza kuongezwa kwenye ankara hata kama mteja alikusudia kutoa bahashishi kwa hiari yake.

Anayekula nyama iliyochinjwa kwa taratibu za Kiislamu pekee, au asiyekula nyama kabisa, anapaswa kueleza hivyo wakati wa kuweka nafasi. Jiko la chombo ni dogo na chakula huandaliwa kwa hesabu ya waliojiandikisha. Si rahisi kubadili mlo mtu akishafika katikati ya mto.

Jambo jingine ni majira ya mwaka. Mwezi Juni jua huzama London baada ya saa tatu usiku, hivyo anayepanda chombo saa mbili hula akiwa bado katika mwanga wa mchana. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na safari nzima huwa gizani. Anayetaka kuona taa za jiji hana budi kuzingatia kalenda.

Kinachoonekana dirishani

Chombo kinachoondoka Westminster huanzia safari karibu na Bunge na mnara wa saa unaojulikana duniani kote kwa jina la kengele yake, Big Ben. Ng'ambo ya mto kuna gurudumu la London Eye, lenye urefu wa mita 135, lililoanza kupokea abiria mwaka 2000. Mbele kidogo kuna daraja la Waterloo, ambalo sehemu kubwa ya nguvukazi iliyolijenga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa ya wanawake.

Baada ya daraja la Blackfriars, upande wa kushoto huonekana kuba la Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, na upande wa kulia jumba la sanaa la Tate Modern, ambalo zamani lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme. Halafu huja jengo refu la kioo liitwalo Shard, ngome ya Tower of London, na hatimaye Tower Bridge, daraja lililofunguliwa mwaka 1894. Daraja hilo bado huinuliwa kupisha meli ndefu, lakini vyombo vya chakula cha usiku ni vifupi na hupita chini yake bila kulisumbua.

Tangu mwaka 2021, madaraja tisa ya katikati ya jiji, kuanzia London Bridge hadi Lambeth, yamewekewa taa maalumu zinazobadilika rangi polepole, kazi iliyobuniwa na msanii wa Marekani, Leo Villareal. Baadhi ya safari hufika hadi Greenwich, mahali unapopita mstari wa longitudo sifuri, ambao ndio uliofanya saa za Afrika Mashariki zihesabiwe kuwa saa tatu mbele ya saa za Greenwich.

Mto unaojaa na kupwa

Mgeni anayetoka pwani ya Afrika Mashariki ataelewa haraka tabia moja ya Thames. Mto huo, ndani ya London, hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama bahari ya Zanzibar au Lamu, hadi Teddington, magharibi mwa jiji. Wakati wa maji ya bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa katikati ya jiji inaweza kufikia takribani mita saba.

Ndiyo maana magati yake huelea. Maji yakijaa, njia ya kuteremkia chomboni huwa karibu sawa na ardhi. Yakipwa, njia hiyo huwa mteremko mkali. Mwenye kusindikizana na mzee au mgonjwa anayetumia kiti cha magurudumu anashauriwa kuuliza mapema hali ya maji katika saa ya safari.

Maji hayo pia ndiyo yanayoamua kimo kilichobaki chini ya daraja. Upinde wa daraja ulioruhusiwa kupitwa huonyeshwa usiku kwa taa mbili za rangi ya kaharabu. Upinde uliofungwa huwekewa alama nyekundu. Ipo pia desturi ya kale iliyomo katika kanuni za mto hadi leo: upinde ambao kimo chake kimepungua, kwa mfano kwa sababu ya matengenezo, huning'inizwa fungu la majani makavu mchana na taa nyeupe usiku.

Mkondo wa Thames ni wa nguvu, na katikati ya jiji njia ni nyembamba yenye kona na nguzo nyingi za madaraja. Kwa sababu hiyo, nahodha wa chombo cha abiria hatakiwi kuwa na leseni ya kawaida pekee. Sehemu ya mto kati ya Putney na Margaretness inahitaji pia athibitishwe kuwa anaifahamu sehemu hiyo yenyewe.

Usiku wa Agosti 20, 1989

Kabla ya alfajiri ya Agosti 20, 1989, boti ya starehe iitwayo Marchioness ilikuwa ikiteremka Thames na watu waliokuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa. Ilipokaribia daraja la reli la Cannon Street, iligongwa kwa nyuma na meli ya kuchimba mchanga, Bowbelle, iliyokuwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Marchioness ilizama kwa muda usiozidi dakika moja. Watu 51 walipoteza maisha, wengi wao vijana.

Usiku ule haukuwa na dhoruba. Vyombo vyote viwili vilikuwa vikienda upande mmoja, katikati ya mji mkuu wa nchi yenye historia ndefu ya ubaharia. Uchunguzi ulibaini kuwa hakukuwa na uangalizi wa kutosha kwenye chombo chochote kati ya hivyo viwili. Katika Bowbelle, chumba cha nahodha kilikuwa nyuma, na mitambo iliyokuwa mbele yake ilizuia asione vema kilichokuwa karibu. Katika Marchioness, muundo wa boti ulimfanya nahodha asione vizuri kinachotoka nyuma.

Kwa lugha nyepesi, aliyekuwa nyuma hakumwona wa mbele, na wa mbele hakumwona wa nyuma.

Familia za marehemu zilidai uchunguzi wa wazi kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1995 baraza la wazee wa mahakama lilitoa uamuzi kuwa marehemu waliuawa kinyume cha sheria. Hatimaye uchunguzi rasmi ukafanyika chini ya Jaji Clarke, na ripoti yake ikatolewa mwaka 2001.

Huo haukuwa msiba wa kwanza wa aina hiyo. Jioni ya Septemba 3, 1878, meli ya matembezi Princess Alice, ikirejea London na familia zilizokwenda kupunga upepo, iligongana na meli ya makaa ya mawe karibu na Woolwich. Watu zaidi ya 600 walikufa, tena katika maji yaliyokuwa yamechafuliwa na majitaka ya jiji.

Kilichobadilika

Matunda ya msiba wa mwaka 1989 yanaonekana kwa macho. Abiria wa chakula cha usiku anapopita karibu na daraja la Waterloo, huona gati dogo lenye boti za kasi zenye rangi ya chungwa. Hicho ni kituo cha Tower cha shirika la hisani la uokoaji, Royal National Lifeboat Institution.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1824 na kwa muda mrefu lilijulikana kwa uokoaji wa baharini. Lilianza kazi Thames Januari 2, 2002, kutokana na mapendekezo yaliyofuata ajali ya Marchioness. Lilifungua vituo vinne vya mto huo, na leo kituo cha Tower ndicho chenye shughuli nyingi kuliko vyote vya shirika hilo. Wafanyakazi wake huwa zamu saa 24.

Aidha, madaraja ya katikati ya jiji yana taa nyeupe za kumulika zinazoonya vyombo vidogo kuwa meli kubwa inakaribia. Chombo chochote kinachobeba abiria zaidi ya 12 hukaguliwa na kupewa cheti chenye idadi ya juu ya watu, na hakiruhusiwi kuizidisha.

Mambo ya kuangalia

Abiria hatakiwi kuvaa jaketi okozi mezani. Anachopaswa kujua ni mahali yalipo, na milango ya kutokea iko wapi. Tangazo la usalama hutolewa mwanzoni, wakati ambao wengi huwa wanapiga picha au wanatafuta viti vyao. Dakika mbili za kulisikiliza si hasara.

Ni busara pia kutazama kama watu wanahesabiwa wanapoingia. Katika ajali, mwokoaji asiyejua waliokuwamo ni wangapi hajui wakati wa kuacha kutafuta. Mwenye watoto wadogo akae nao mbali na ngazi za kupanda juu, hasa chombo kinapogeuza. Anayekunywa pombe akumbuke kuwa safari yake haijaisha mpaka avuke njia ya gati, ambayo wakati wa kurudi inaweza kuwa imeinama kuliko alivyoiacha.

Mwisho wa yote, mteja ana haki ya kuuliza maswali. Kampuni inayojiamini haichukii kuulizwa idadi ya abiria iliyoruhusiwa.

Fundisho kwa Afrika Mashariki

Uhusiano wa habari hii na Afrika Mashariki si wa kutafutwa. Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilizama Mombasa na watu 272 wakafariki dunia. Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha, idadi ambayo ni mara mbili ya waliopaswa kuwamo.

Baada ya kila msiba husikika msemo kuwa ajali haina kinga. Historia ya Thames inaonyesha vinginevyo. Mto ni ule ule, mkondo ni ule ule, na madaraja mengi yamesimama palepale yalipokuwa mwaka 1989. Kilichoongezeka ni watu waliolazimishwa na familia za wafu kutazama mbele na nyuma, kuhesabu abiria na kuweka boti ya uokoaji karibu.

Ndani ya Kanisa Kuu la Southwark, hatua chache kutoka London Bridge, kuna jiwe la kumbukumbu ya waliokufa katika Marchioness. Kila usiku vyombo vya chakula hupita karibu na hapo vikiwa vimejaa vicheko na muziki. Wengi wa waliomo hawajui habari za jiwe hilo, lakini wanafika gatini salama kwa sababu wapo waliokataa lisahaulike.