Inge Meysel: 'Mama wa Taifa' aliyeikataa nishani

WAJERUMANI walimwita 'Mama wa Taifa'. Hata hivyo, Inge Meysel, aliyefariki dunia Julai 10, 2004 akiwa na umri wa miaka 94, hakujaliwa kulea mtoto wake mwenyewe, na taifa lililompa jina hilo liliwahi kumfungia milango yote ya kazi aliyoipenda.

Meysel alizaliwa Mei 30, 1910 mjini Berlin. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Myahudi na mama yake alitoka Denmark. Alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1930 katika mji wa Zwickau, lakini ndoto yake haikudumu. Mwaka 1933 chama cha Nazi kilitwaa madaraka, naye akapigwa marufuku kuigiza kwa sababu tu ya asili ya baba yake. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1945. Baba yake alinyang'anywa mali na kunusurika kwa kujificha.

Vita vilipokwisha, Meysel alikuwa na miaka 35, umri ambao waigizaji wengi wa kike huanza kunyimwa nafasi za ujana. Alianza upya katika ukumbi wa Thalia mjini Hamburg, na miaka yake iliyopotea haikurudi tena.

Umaarufu mkubwa ulimjia alipokuwa na miaka 55. Kati ya mwaka 1965 na 1971 aliigiza kama Käthe Scholz, mama wa familia ya kawaida, katika tamthilia ya televisheni iliyoitwa 'Die Unverbesserlichen', yaani 'Wasiorekebishika'. Zilitengenezwa sehemu saba tu, moja kila mwaka. Wakati huo Ujerumani Magharibi ilikuwa na vituo vichache vya televisheni, hivyo mamilioni ya watu walikaa kutazama kipindi kimoja kwa wakati mmoja. Katika mama huyo mwenye ulimi mkali, anayehangaika na mume, watoto na fedha, wengi waliwaona mama zao.

Nje ya televisheni, Meysel hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1978 aliungana na mwandishi Alice Schwarzer na wanawake wengine kulishtaki jarida la Stern, wakidai kuwa picha za jalada lake ziliwadhalilisha wanawake. Walishindwa mahakamani, lakini kesi hiyo ilizua mjadala nchi nzima.

Mwaka 1981 serikali ilitaka kumtunuku nishani ya heshima ya shirikisho. Aliikataa, akihoji kwa nini mtu apewe nishani kwa sababu tu ameishi maisha yake kwa uadilifu.

Jibu hilo linaeleweka vyema zaidi ukikumbuka mwaka 1933. Mtu aliyewahi kuambiwa na dola kwamba hana thamani hakuhitaji dola nyingine imthibitishie thamani yake.

Meysel aliendelea kuigiza hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na mumewe, mwongozaji John Olden, aliyefariki mwaka 1965, mwaka uleule ambao mkewe aligeuka kuwa mama wa kila nyumba.