Tondeze inayosaga majani: inafaa wapi, na wapi haifai

Kooperative moja ya kahawa, kandokando ya Ziwa Kivu, ilipewa tondeze, ile mashini ya kusukuma yenye kukata majani. Wanamemba walifurahi sana. Walisema: sasa majani ya kiwanja cha depo yatakatwa mbio, kisha tutayakusanya na kufunika udongo wa pepinyeri. Siku ya kwanza walikata kiwanja kizima. Wakaleta rato na mifuko, wakatafuta majani ya kukusanya, hawakuona kitu. Mzee mmoja akasema mashini inayakula.

Mashini haikuyakula. Ilitengenezwa kwa kufanya vile, na kama kooperative yenu iko na mashini ya namna hiyo, ao inataka kununua moja, ni vizuri kujua kwanza inavyofanya kazi.

Tondeze ya kawaida iko na tundu pembeni. Kisu kinakata jani mara moja, upepo wa kisu unalitupa inje. Tondeze ya kusaga haina tundu, ao tundu lake limefungwa na kifuniko. Ukiipindua (motere imezimwa!) utaona tumbo lake liko kama sufuria iliyofunikwa chini juu, yenye kina kirefu na kuta za mviringo. Kisu chake pia si bapa. Kimepindwa-pindwa: sehemu moja inapandisha hewa, ingine inairudisha chini. Basi jani likikatwa linavutwa juu, linazunguka ndani ya sufuria, linarudi kwenye kisu, linakatwa tena na tena. Likikuwa dogo na zito kuliko nguvu ya upepo, linaanguka katikati ya mashina na kujificha pale.

Juu ya nini walitengeneza kitu kama hicho? Huko Marekani, karibu na mwaka 1990, majimbo mengi yalikataza watu kupeleka majani ya viwanja vyao kwenye jalala la serikali, sababu majalala yalikuwa yanajaa. Watu walihitaji mashini yenye kufanya majani yapotee palepale. Ni hapo mashini hizi zilienea. Lakini sisi hatutaki majani yapotee, sisi tunayatafuta. Hapo ndipo shida ilianzia kwa ile kooperative.

Tena kuna tofauti ingine ambayo wengi hawaifikirii. Majani ya kufunika udongo yanafanya kazi mbili, na hazifanani. Kuna majani ya chakula na majani ya blanketi. Vipande vidogo vya majani mabichi ni chakula: viko na azote mingi, wadudu wa udongo wanavikamata mbio, na kisha wiki chache hauvioni tena. Blanketi ni kitu kigumu na kirefu: matete, makoka ya ndizi, mabua ya mahindi. Hivyo vinaoza polepole, na vinaweza kulinda unyevu wa udongo miezi yote ya kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, na kuvunja nguvu ya mvua ya kwanza kwenye mulima. Mkulima akisaga kila kitu kuwa unga, anapata chakula, lakini kahawa yake inalala bila blanketi. Ukiniuliza, kwa kahawa ya milimani blanketi ndiyo inapita yote.

Kwa hiyo tondeze ya kusaga iko na nafasi yake: katikati ya mistari ya avoka ao matunda mengine, pahali pa tambarare pasipo mawe, kwenye majani mafupi. Pale usikusanye kitu, acha vipande vianguke. Kama munataka majani ya pepinyeri, toeni kile kifuniko cha tundu na mufunge mufuko wa kukusanyia, kama mashini yenu iko nao. Majani hayo mabichi yatandikwe kidogo tu, santimetre 2 ao 3. Ukiyapanga mengi yanashikana, yanapata moto, yananuka, na maji ya mvua hayapenyi. Yasiguse shina la mche. Na majani yenye mbegu usiyapeleke kabisa, utapanda magugu kwa mikono yako.

Kwa matete, usijaribu hata. Mashini itajaa na kuzima. Matete yakatwe na kupekupe, yaanikwe juani mpaka yakauke vizuri, sababu kipande kibichi chenye kifundo kinaota mizizi. Kisha tandika.

Kuhusu nguvu ya motere. Kusaga kunaomba nguvu kuliko kutupa, sababu jani moja linakatwa mara nyingi. Na sisi tuko juu: Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye metre 1460, na mashamba yako juu zaidi. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, motere ya esanse inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake. Basi usilaumu fundi. Punguza kazi: kata nusu ya upana wa mashini, tembea polepole, ngoja umande ukauke, na usitoe zaidi ya sehemu moja kwa tatu ya urefu wa majani. Yakiwa santimetre 12, acha 8. Yakiwa marefu zaidi, pita mara mbili, na siku chache katikati.

Watu wengine wanauliza kama fundi wa kusudea anaweza kufunga tundu la tondeze ya kawaida na kipande cha tole. Anaweza, lakini kwa kisu bapa majani yatajaa ndani. Lazima kisu chenyewe kiwe cha kusaga, na kisu hicho musikifuliwe na muhunzi. Kisu cha santimetre 53 kinachozunguka mara 3000 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu kilometre 300 kwa saa. Kikivunjika, ao kikirusha jiwe, ni muguu wa mutu. Okoteni mawe mbele ya kuanza, watoto wakae mbali, na mbele ya kuingiza mukono chini ya mashini, toa waya wa buji.

Kunoa tunaweza sisi wenyewe, na tupa. Kisha kunoa, tundika kisu kwenye musumari kupitia tundu la katikati. Upande unaoshuka ndio muzito: punguza chuma kidogo upande huo mpaka kisu kitulie sawasawa.