Neno moja likikosewa, nyumba inabadili mwenyewe: kazi ngumu ya kutafsiri wasia wa Kiingereza kwa Kiitaliano

Siku mtu anapofariki, mali yake inaingia mkononi mwa nani? Uingereza na Italia zinajibu swali hilo kwa njia mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana watafsiri wa hati za sheria wanaofanya kazi kati ya lugha hizo mbili husema wasia ni moja ya karatasi zinazowatoa jasho zaidi.

Kazi yenyewe haikosekani. Kuna Waingereza walionunua nyumba katika majimbo ya Toscana na Umbria, na kuna Waitaliano waliokwenda kutafuta maisha London na kuzeekea huko. Mmoja wao akifariki, wasia wake ulioandikwa kwa Kiingereza unafika mezani kwa notere wa Italia, yule ofisa wa serikali anayethibitisha hati za nyumba na mirathi. Notere anataka tafsiri iliyoapiwa. Mtafsiri anakwenda tribunali au kwa notere, anaapa kwamba ametafsiri kwa uaminifu, anatia sahihi. Kuanzia hapo, neno alilochagua linaweza kuamua nani atapata nini.

Msimamizi si mrithi

Tuanze na neno «executor». Uingereza, mtu akifariki mali yake haiendi moja kwa moja kwa watoto au mjane. Inapita kwanza mikononi mwa «executor», mtu aliyetajwa katika wasia. Huyo anaomba mahakamani hati iitwayo «probate», inayothibitisha wasia na mamlaka yake. Kisha analipa madeni na kodi. Kinachobaki ndicho anachowagawia wale waliotajwa. Kwa muda huo wote mali iko kwa jina lake, lakini si yake ya kula.

Italia haina daraja hilo la katikati. Kufuatana na kitabu chake cha sheria za raia cha 1942, urithi unakwenda kwa warithi wenyewe mara wanapoukubali, na kukubali huko kunahesabiwa tangu siku ya kifo. Mrithi, «erede», anavaa viatu vya marehemu: anapokea nyumba na anapokea madeni pia. Akiogopa madeni hayo, anatakiwa kutangaza kwamba anakubali kwa sharti la kuhesabu mali kwanza, ili asilipe zaidi ya alichopokea.

Ni kweli Kiitaliano kina neno «esecutore testamentario», na linafanana sana na lile la Kiingereza. Lakini huyu ni mwangalizi tu, anayehakikisha matakwa ya marehemu yanatimizwa. Hawezi kushika mali zaidi ya mwaka mmoja, isipokuwa hakimu amwongezee muda. Mtafsiri akiweka neno hilo bila maelezo, notere ataanza kuwatafuta warithi wa aina ya Kiitaliano ambao wasia wa Kiingereza hauwajui. Na akimwita «erede» kila aliyeachiwa kitu, anaweza kumbebesha madeni mtu ambaye kwa sheria ya Uingereza hakuwa na deni lolote.

Neno lililokataa kutafsiriwa

Kigumu kuliko vyote ni «trust». Kwa maneno rahisi: mtu anatoa mali yake, anaikabidhi kwa mtu wa pili anayeaminiwa, ili aitunze kwa faida ya mtu wa tatu, kwa mfano mtoto mdogo. Kwenye karatasi mali ni ya huyo wa pili, lakini faida ni ya yule wa tatu. Waswahili wa pwani, wenye mazoea ya wakfu, wataona kuna kitu kinachofanana.

Sheria ya Italia haikulelewa na wazo hilo. Huko mali ina mwenyewe mmoja. Mtafsiri anayetafuta neno la asili anaweza kuvutwa na «fedecommesso», neno lenye mizizi katika sheria ya Roma ya kale. Huo ni mtego. «Fedecommesso» ni pale mrithi anapolazimishwa kutunza mali maisha yake yote ili akifa impe mtu mwingine, na sheria ya Italia inaruhusu jambo hilo kwa nafasi finyu sana, kwa ajili ya kumtunza mtu asiyejiweza kiakili. Nje ya hapo ni batili. Neno hilo moja linaweza kufanya mpango halali kabisa uonekane umekatazwa.

Italia yenyewe ilichagua njia nyingine. Iliukubali Mkataba wa La Haye wa 1985 kwa sheria namba 364 ya 1989, na mkataba ukaanza kutumika huko Januari 1, 1992. Katika kichwa cha sheria hiyo neno «trust» liliachwa lilivyo. Sheria namba 112 ya 2016, inayowalinda watu wenye ulemavu mkubwa baada ya wazazi wao kufa, inalitumia pia. Anayetoa mali amepata jina la Kiitaliano, «disponente», na anayefaidika ni «beneficiario». Lakini anayeitunza amebaki «trustee» mpaka leo.

Maneno mapacha, maana mbalimbali

Kuna pia maneno yanayodanganya kwa sura. «Domicile» ya Kiingereza na «domicilio» ya Kiitaliano yanafanana kama mapacha. La Kiitaliano linaonyesha mahali ambapo mtu ana kitovu cha shughuli zake. La Kiingereza linamfunga mtu na nchi ambayo sheria inaihesabu kuwa kwao, hata kama ameishi ugenini miaka mingi. Katika wasia, «issue» si swali wala tatizo: ni uzao, yaani watoto, wajukuu na vitukuu. Na «real property» si mali ya kweli, ni ardhi na nyumba.

Makosa haya yana uzito kwa sababu neno ndilo linaloonyesha ni sheria ya nchi gani itatumika. Kwa vifo vya kuanzia Agosti 17, 2015, Italia inafuata sheria ya Umoja wa Ulaya namba 650 ya 2012: inatazamwa nchi alimokuwa akiishi marehemu, isipokuwa kama katika wasia alichagua sheria ya taifa lake. Kwa vifo vya kabla ya hapo, mahakama kuu ya Italia, Cassazione, iliamua Februari 5, 2021 katika kesi ya urithi wa raia wa Uingereza kwamba mirathi inaweza kugawanyika mara mbili: nyumba zilizo Italia zikafuata sheria ya Italia, na mali inayohamishika ikafuata sheria ya «domicile» yake.

Tofauti si ndogo. Italia inawatengea watoto na mwenzi wa ndoa fungu ambalo wasia hauwezi kuligusa. Mtoto wa pekee, kama hakuna mjane, ana haki ya nusu. Uingereza, mzazi anaweza kumwachia rafiki kila kitu, na aliyenyimwa anabaki kuomba msaada wa mahakama kwa sheria ya 1975.

Na sisi Kongo?

Jambo hili linatugusa. Sheria yetu ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, imeandikwa kwa Kifaransa na ni ya ukoo mmoja na ile ya Italia. Inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi. Mkongomani akifariki London na kuacha wasia wa Kiingereza, tafsiri ya Kifaransa inakutana na mitego ile ile. Kisha familia inaelezwa kwa Kiswahili, Bukavu au Lubumbashi, na mara nyingi neno linalotoka ni moja tu: «mrithi». Baba mdogo aliyetajwa kusimamia mali anaweza kurudi na karatasi mkononi akisema nyumba ni yake, wakati yeye ni msimamizi wa mirathi tu.

Dawa ya watafsiri wazuri wa Italia inatufaa nasi. Neno lisilo na mwenzake wanaliacha lilivyo na kueleza chini yake kazi yake, bila kulibadilisha kutoka ukurasa hadi ukurasa. Na familia inayopokea wasia kutoka ng'ambo ina maswali matatu ya kumwuliza avoka kabla ya kutia sahihi: nani anashika mali sasa, kwa faida ya nani, na nani analipa madeni? Kama tafsiri haijibu hayo matatu, bado haijamalizika.